Kufichika Si Kuondoka

Baba alisimama uani, fimbo mkono mmoja na kata mkono wa pili, akayatazama maji yangu ya kijani kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Mwanangu, haya yanatawadhiwa?"

"Baba, haya ni maji ya jikoni na ya kufulia, na ndani yake mna ya karo. Sikuyatengeneza kwa ajili ya kutawadha."

"Sikukuuliza umeyatengenezea nini. Nimekuuliza hukumu yake."

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nimesomesha skuli za sekondari hapa Unguja kwa miaka 26. Lakini kabla ya kemia nilisoma kwa baba, ambaye kila baada ya alasiri alisomesha vitabu kwenye baraza ya nyumba yetu Jang'ombe. Sisi wadogo tulikaa na Safina, wakubwa wakaendelea hadi Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachofunguka kwa mlango wa tohara. Kabla ya sala, kabla ya biashara, kabla ya ndoa na mirathi, mwanafunzi huulizwa kwanza kuhusu maji. Nilikuwa na miaka tisa nilipojifunza kwamba maji si maji tu, kwamba yapo yanayotoharisha, yapo yaliyo safi lakini hayatoharishi, na yapo yaliyonajisika. Sikujua kwamba ningerudi kwenye mlango huo nikiwa mtu mzima, nikiwa na mapipa uani.

Sababu ya mapipa ni karo letu, yaani shimo la majitaka ya nyumba. Masika ya mwaka juzi lilifurika. Kwa siku sita maji meusi yalipita kichochoroni mbele ya milango ya watu, yakaingia mtaroni, na mtaro wetu, kama mitaro mingi ya mjini, mwisho wake ni bahari. Nilifanya yote anayoyafanya mtu mwenye aibu: nikamwaga majivu, nikamwaga dawa ya kuulia harufu, nikaweka mbao za kukanyagia. Jirani yetu mmoja ni mvuvi. Alinikuta mlangoni, akaniamkia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, mnachokimwaga nyinyi huku, sisi tunakikuta kule." Hakusema kwa ugomvi. Maneno yale yaliniuma kuliko harufu.

Nikanunua mapipa mawili ya plastiki ya buluu, yale ya lita 200, nikayapasua kwa urefu, nikapata mahodhi manne ya kina cha sentimita 28 hivi. Nikayapanga palipo na jua la kutwa. Mbegu nilichota chupa moja tu ya maji ya kijani kutoka birika kuukuu lisilotumika nyuma ya nyumba ya shangazi yangu. Baada ya wiki moja mahodhi yote yalikuwa kijani kama majani ya mchicha.

Kwetu ukitaja mwani, mtu huona kamba na vigingi vya akina mama wa Paje na Jambiani. Mwani ninaousema mimi ni wa hadubini. Ni chembe moja moja, upana wake mikroni 5 au 10, na jicho huona rangi tu pale zinapokusanyika kwa mamilioni. Chlorella ni mmoja, Scenedesmus ni mwingine. Mchana chembe hizi hula mwanga na hewa ukaa, zikatoa oksijeni. Bakteria waliomo kwenye majitaka huitumia oksijeni hiyo kuuvunjavunja uchafu, nao hutoa hewa ukaa ambayo mwani huila tena. Kila mmoja anaishi kwa pumzi ya mwenziwe.

Ili ujenge mwili wake, mwani unataka nitrojeni na fosforasi, na maji yanayotoka majumbani yamejaa vyote viwili. Sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo, na sehemu nzuri ya fosforasi, hutoka kwenye mkojo, ingawa mkojo ni kidogo sana ukiulinganisha na maji yote tunayoyamwaga kwa siku. Ikifika alasiri, mwani ukiwa umefyonza hewa ukaa, maji yenyewe hugeuka kuwa alikali. Karatasi yangu ya kupimia pH ilionyesha 7 alfajiri, na saa tisa mchana ikapita 9. Ualikali huo ukishirikiana na jua huua vijidudu vingi, hufukuza sehemu ya amonia hewani, na huishusha chini sehemu ya fosfeti.

Si uvumbuzi wangu. William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliieleza kazi hii tangu miaka ya 1950, na mabwawa ya majitaka ya Vingunguti huko Dar es Salaam, au yale makubwa ya Ruai yanayohudumia Nairobi, yana rangi ya kijani kwa sababu hiyo hiyo. Nilichokifanya mimi ni kuyaleta uani.

Nilimweleza baba haya yote siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya kibao cha kufulia, akaanza kunisomesha, kana kwamba nimerudi kuwa na miaka tisa.

Akaanza na rangi. Akanikumbusha siku niliyokataa kutawadha kwenye birika la chuoni kwa sababu lilikuwa na utelezi wa kijani, nami nikaambiwa nirudi nikatawadhe. Vitabu vinautaja utelezi huo kwa jina lake la Kiarabu, tuhlub, na fiqhi ya Kishafii imeusamehe. Maji yaliyobadilika kwa kukaa sana, au kwa udongo, au kwa mwani uliojiotea ndani yake, yangali maji yanayotoharisha, kwa sababu maji hayawezi kukingwa na vitu hivyo. "Kwa hiyo ukijani peke yake haukuharibii kitu," akasema.

Akaja kwenye kiasi. Maji yakiwa machache hunajisika mara tu yanapoingiwa na najisi, hata kama hayakubadilika. Yakifika kula mbili hayanajisiki mpaka libadilike moja katika matatu: rangi, ladha au harufu. Wanavyuoni wa zama zetu hukadiria kula mbili kuwa kiasi cha lita 200, hesabu zao zikipishana kidogo. Baba akayahesabu mahodhi yangu kwa fimbo. Manne, kila moja kama lita 80. Pamoja yanazidi kula mbili, lakini yanahesabiwaje pamoja? Nilikuwa nimeyaunga kwa mpira mwembamba kama kidole. Akatikisa maji ya hodhi la kwanza kwa kata, akatazama la pili. Halikutikisika. "Weka njia pana," akasema, "ili huku kukitikisika na kule kutikisike. Hapo yatakuwa maji mamoja." Nilicheka kwa furaha, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimeona hodhi la mwisho limefifia, na nilijua dawa yake ni kuyachanganya maji vizuri zaidi. Nikabadilisha mpira.

Kisha akaja kwenye neno la Minhaj ambalo tangu siku ile halijaniacha.

"Maji mengi yaliyobadilishwa na najisi," akasema, "yanarudi kuwa tohara yakiondokewa na mabadiliko yale. Lakini angalia yanavyoondoka. Ukitia miski, harufu ikapotea, hujatoharisha. Ukitia zafarani, rangi ikapotea, hujatoharisha. Ukitia siki, ladha ikapotea, vivyo hivyo. Hujui kama kitu kimeondoka au kimefichika. Na kufichika si kuondoka. Sasa wewe una maji ya kijani. Uchafu umeondoka, au umefunikwa na ukijani?"

Sikumjibu. Nilidhani ninalo jibu, maana nilikuwa nimekwisha kupima. Nilikuwa nimeyachuja maji kwa karatasi ya maabara, nikatia dawa ya molibdeti inayogeuka buluu penye fosfeti, na haikugeuka. Niliandika daftarini: fosfeti imekwisha. Usiku ule nililala na swali la baba, na asubuhi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikauchukua mwani uliobaki juu ya karatasi ya kuchujia, ule ambao siku zote nilikuwa nikiutupa, nikauchoma, nikayayeyusha majivu yake kwa asidi, nikatia dawa ile ile. Ikageuka buluu iliyokoza kama wino.

Fosforasi ilikuwa palepale. Ilikuwa imevaa kanzu ya kijani.

Hapo nikaelewa uzito wa aliyoyasema baba. Kama ningefungua bomba na kuyaachia maji ya kijani yaende mtaroni nikijisifu kwamba nimeyasafisha, mwani ungefika baharini, ungekufa, ungeoza, na kila chembe ya rutuba ingeachiwa kule kule. Huko ingelisha utelezi unaofunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Ningekuwa nimempelekea mvuvi mzigo ule ule, ila umebadilishwa nguo. Watu wa mabwawa ya majitaka wanaijua taabu hii. Kuotesha mwani ni rahisi, jua la kwetu linatosha. Kuuvuna ndiko kugumu, maana chembe ni ndogo mno, uzito wake unakaribiana na wa maji, na haizami kwa hiari.

Dawa niliipata kwenye mlonge wa shangazi. Mbegu zake zikisagwa hutoa protini yenye chaji chanya, nao mwani nje yake una chaji hasi. Chembe zilizokuwa zikikimbiana hushikana, hufanya mabonge, na mabonge huzama. Nilisaga mbegu, nikakoroga unga wake kwenye ndoo moja ya maji ya kijani, nikaiacha. Baada ya saa chache chini palikuwa na tope la kijani, na juu maji yaliyoniwezesha kuuona mkwaruzo ulioko kwenye kitako cha ndoo. Nikamwita baba. Akainama, akanusa. Akasema kwamba masala haya nayo yamo vitabuni. Maji yakitiwa udongo yakavurugika hayahukumiwi bado, lakini yakituama yakawa safi, na mabadiliko hayapo, yamekuwa tohara, kwa sababu kilichokuwa kinaweza kuficha hakipo tena.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alijua fosfeti, wala siwapendi wanaozikamua aya na vitabu vya wazee mpaka vitoe kila kilichogunduliwa jana. Ninalolisema ni dogo zaidi, na kwangu ni zito zaidi. Alikuwa akiuliza swali lililo sawa, na alikataa kudanganywa na pua. Katika uchunguzi wa kweli kuna adabu ya namna hiyo. Imepokewa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu kisima cha Budha'a kule Madina, kisima kilichokuwa kikitupiwa vitambaa vya hedhi na mizoga, akajibu kwamba maji ni yenye kutoharisha. Imam Abu Daud, aliyeipokea habari hiyo, hakutosheka na kuiandika. Alikwenda kwenye kisima chenyewe, akatandaza shuka yake juu yake, akaipima kwa dhiraa, akapata sita, na akaandika kwamba aliyaona maji yake yamebadilika rangi. Miaka zaidi ya 1,100 imepita. Nikiwa maabara na wanafunzi wangu, huwaambia hivyo ndivyo mtu mkweli anavyofanya kazi: anakwenda, anapima, anaandika hata kile kinachompa taabu.

Swali la baba limejibiwa pia na wengine wenye mamlaka kuliko sisi wawili. Mwaka 1978 Baraza la Wanavyuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa uamuzi kwamba majitaka yakisafishwa kwa njia za kisasa hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, ni tohara na yanafaa hata kwa udhu. Kuhusu kuyanywa walishauri kujiepusha, kwa kuhofia madhara ya kiafya na kwa kuwa nafsi huyakirihi. Namibia imekwenda mbele zaidi. Mji wa Windhoek umekuwa ukiyarudisha majitaka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya maji ya kunywa tangu mwaka 1968, kwa mitambo na vipimo ambavyo mapipa yangu hata hayavioti.

Nafsi huyakirihi. Hapa ndipo watu wengi wa mtaani kwetu walipokwama, nami nawaelewa. Lakini baba alinifundisha kutenganisha kinyaa na najisi. Kamasi inatia kinyaa, na si najisi. Mvinyo kwa madhehebu yetu ni najisi, na wapo wanaouona mtamu. Kinyaa kinakaa ndani yangu. Najisi ni hukumu yenye masharti yanayoweza kuchunguzwa. Na kuna jambo la tatu, ambalo mimi mwenye kemia lazima niliongeze: maji yanaweza kuwa tohara yakawa bado na vijidudu vya kuumiza tumbo. Tohara, usafi wa hospitali na kinyaa ni milango mitatu, na anayefungua mmoja asidhani amefungua yote. Kwa hiyo maji yangu siyanywi, wala siyatawadhii. Baba alikwisha kuyatolea hukumu, kisha akasema hukumu ikitimia moyo nao una haki yake. Tunayamwagilia migomba.

Lakini swali kubwa lilikuwa bado halijaisha, na sikulijua mpaka lile tope la kijani lilipoanza kujaa kwenye ndoo. Nilifanye nini?

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu anatutaka tuzingatie maziwa, jinsi yanavyotoka safi ndani ya tumbo la mnyama, baina ya kinyesi na damu. Nimeisikia aya hiyo mara nyingi ikitajwa kuonyesha uwezo, na ni kweli. Siku hizi nasikia ndani yake jambo jingine pia. Ng'ombe anachukua kilekile alichokila, anakipanga, kila kitu anakipeleka kwake: hiki kwenye damu, hiki ardhini, hiki kwa ndama. Ndani yake hakuna kitu kinachotupwa mahali pasipo na mwenyewe.

Fosforasi nayo ina mwenyewe. Hatuiumbi wala hatuimalizi. Imo kwenye mifupa yetu, imo kwenye uzi wa urithi ndani ya kila seli, na kila mwaka mtu mmoja hupitisha mwilini kiasi cha nusu kilo. Mwaka 1669, mjini Hamburg, Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi akitafuta dhahabu, akapata kitu cheupe kilichong'aa gizani. Nadhani aliona kweli ambayo sisi tumeisahau: kwamba ndani ya tunachokimwaga kwa pua iliyobanwa mna nuru ya watu wengine. Ilitoka kwenye muhogo wa Donge, ndizi za Pemba, mchele wa Cheju. Shamba lilitukopesha, nasi tumelipeleka deni lake baharini, kwa mtu asiyelidai, na likamdhuru.

Kila mtoto wa chuoni anajua masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia. Na anajua kwamba kosa likiwa limemgusa mtu mwingine, kuna sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba radhi. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba usafi ni sharti la kwanza tu: acha uchafu, ondoa uchafu, usiuone. Karo likifurika, mwaga dawa ya harufu. Hiyo ilikuwa miski yangu. Mwani ulinifikisha mbali zaidi, ukanishikia kilichotawanyika, lakini hata huo haukunitimizia. Ulinikabidhi tope mkononi, ukaniachia sharti la nne.

Nilianika tope kwenye ungo, likakauka likawa unga wa kijani kibichi wenye harufu ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa. Kwa miezi mitatu nilipata kilo moja na robo. Nikaupeleka Donge kwa mjomba wangu, akaufukia pamoja na samadi kwenye mashimo ya migomba. Samadi ni najisi, na ndizi iliyooteshwa nayo ni halali. Hilo halikuhitaji fatwa.

Kisha nikapiga hesabu, kwa sababu sipendi wema usiopimwa. Mwani mkavu kama wangu hubeba fosforasi ya asilimia moja hivi. Kilo moja na robo ni gramu 12. Sisi nyumbani ni watu sita, na kwa miezi mitatu tumepitisha kama gramu 750. Nilirudisha shambani 12. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Mahodhi manne hayabebi nyumba, na nyumba moja haibebi mtaa. Mji unahitaji mabwawa, ardhi, mabomba na watu wa kulipwa ili wavune kila siku. Lakini nilikuwa nimejua kitu ambacho nisingekijua kwa kusoma peke yake: ukubwa wa deni.

Nilimwonyesha baba. Akazisoma tarakimu, akanirudishia karatasi, akauliza: "Na mvuvi umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilitoka saa ile ile. Nilimkuta barazani kwake akishona wavu, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote: karo, mwani, buluu ya wino, gramu 12 kati ya 750. Nikamwomba radhi kwa yaliyopita na kwa yale ambayo bado yanapita.

Alisikiliza bila kuacha sindano. Akanyamaza kidogo, akakata uzi kwa meno.

"Radhi nimekupa, mwalimu," akasema. "Sasa ongeza mapipa."